Mlililia Paa la Ikulu. Mnajua Nani Alilichora?

Mwaka 2025, picha za ukarabati wa Ikulu ya Nairobi zilipoanza kuzunguka mitandaoni, Wakenya tuliwaka. Watu ambao hawajawahi kushika hata rula wakawa wasanifu majengo usiku mmoja. Wengine walililia paa, wengine sura ya mbele, wengine wakauliza pesa zimetoka wapi (swali la haki kabisa, endeleeni kuuliza). Na katikati ya kelele yakapita yale maneno ambayo hayakosekani kila jengo la zamani likiguswa: ati wazungu ndio walijua kujenga, sisi kazi yetu ni kuharibu.

Hapo ndipo nimeamua kuingia. Ukarabati wenyewe siutetei. Ninachotaka ni tuangalie hiyo nyumba ilitoka wapi, kwa sababu mkono uliochora nyumba ya gavana ambayo leo ni Ikulu ndio uliochora jengo ambalo leo Mahakama ya Juu inakaa, makao makuu ya reli pale Nairobi, na shule moja ambayo kila mtu wa Nakuru ameipita akiwa kwa matatu. Ni kazi ya wanaume wawili. Mmoja alikaa London, mwingine Nairobi. Majina yao ni Herbert Baker na Jan Hoogterp, na ukiuliza hapa mtaani utapata labda mtu mmoja anayemjua wa kwanza, na wa pili hakuna.

Kabla hujauliza: mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sina digrii ya historia wala ya usanifu majengo. Niko na kadi ya maktaba, bando, na muda mwingi wa kusoma vitu ambavyo havitakuwa kwa mtihani. Twende.

Baker alizaliwa Kent, Uingereza, mwaka 1862. Mwaka 1892 akaenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na huko akakutana na Cecil Rhodes. Ndiyo, Rhodes yule ambaye wanafunzi wa Cape Town walishinikiza mpaka sanamu yake ikaondolewa mwaka 2015. Rhodes alimpa kazi ya kujenga upya nyumba yake ya Groote Schuur, halafu akamlipia safari ya kwenda kuangalia majengo ya kale ya Ugiriki, Italia na Misri. Yaani msee alipata mdhamini, na mdhamini mwenyewe alikuwa na ndoto ya kutawala bara zima. Kuanzia hapo Baker akawa mchoraji wa dola. Alichora Union Buildings za Pretoria, zilizojengwa kuanzia 1910 mpaka 1913, pale pale Mandela alipoapishwa tarehe 10 Mei 1994. Kisha akaitwa New Delhi kujenga mji mkuu mpya wa India akiwa na Edwin Lutyens. Bunge lile la duara la India, lililofunguliwa 1927, ni lake. Yeye na Lutyens walikosana vibaya kuhusu mteremko wa barabara, kwa sababu mteremko huo ulificha nyumba kubwa ya Lutyens ukiwa unaikaribia. Mabuda wazima, wamenuniana miaka kwa sababu ya mlima mdogo. Lakini pia inakuonyesha hawa watu walichukulia majengo namna gani. Nani anaonekana kutoka mbali, nani yuko juu, nani yuko chini: kwao hiyo ilikuwa siasa yenyewe.

Sasa Kenya inaingiaje?

Mwaka 1925 Uingereza ilileta gavana mpya anaitwa Edward Grigg. Kabla ya kuja, kuanzia 1923, Grigg alikuwa katibu wa mfuko wa Rhodes, ule unaolipia wanafunzi kusoma Oxford. Na makao ya huo mfuko, Rhodes House pale Oxford, yalichorwa na nani? Herbert Baker. Kwa hivyo Grigg alipofika Nairobi na kuamua kwamba koloni linahitaji majengo ya heshima, hakuhitaji kutafuta mbali. Sisi Wakenya hii stori tunaijua kwa moyo, tenda huanza na kujuana. Ingekuwa leo mngekuwa mmeshatafuta kampuni yake imesajiliwa lini.

Ila Baker wakati huo alikuwa ameshapita miaka 60, na alikuwa na kazi nyingine nzito, ikiwemo kujenga upya Benki Kuu ya Uingereza. Hangehamia Nairobi kukimbizana na mafundi. Akawa na mtu wake huku, Hoogterp, aliyekuwa msaidizi wake. Jina kubwa na wazo kubwa lilitoka kwa Baker. Hoogterp ndiye aliyekuwa hapa na vumbi, na mawe, na wahasibu wa serikali wanaosema pesa hazitoshi. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi za mkono anaijua hii mipangilio. Jina kwa bango ni la mwingine, anayekesha saiti ni mwingine. Na chini ya Hoogterp kulikuwa na watu ambao hata hawakufika kwa bango: waashi na maseremala, wengi wao Wahindi, na vibarua Waafrika waliobeba mawe.

Kutoka kwa hawa wawili tukapata nyumba za gavana Nairobi na Mombasa, ambazo hata walowezi wenyewe waliteta kwamba zimekula pesa nyingi mno. Tukapata makao makuu ya reli, 1929. Tukapata mahakama ya Nairobi katika miaka ya 1930, lile jengo la nguzo ndefu ambalo tarehe 1 Septemba 2017 majaji walisoma uamuzi wa kufuta uchaguzi wa rais. Halafu tukapata shule.

Ukitoka Nakuru kwa mat, ukipita Naivasha, ukapanda kule juu Kinungi na Kimende, ukateremka mpaka Kangemi, unaingia Waiyaki Way. Hapo kabla ya Westlands kuna Nairobi School. Mnaiita Patch. Ilianza mwaka 1902 kama shule ya watoto wa Kizungu karibu na stesheni ya Nairobi, maana wazungu wa kwanza wa Nairobi wengi walikuwa watu wa reli. Jengo la Baker lilianza kwa jiwe la msingi lililowekwa na Grigg mwaka 1929, likafunguliwa 1931 kwa jina la Prince of Wales School. Mtoto wa mfalme mwenye hicho cheo alikuwa amezuru Kenya mwaka 1928. Na hilo jina Patch, kwa wale mnaolibeba kwa mabango ya mechi, ni kejeli ya zamani ya wanafunzi wa Kizungu wenyewe: shamba la kabeji. Wasichana wa shule dada walifananishwa na mitamba, ng'ombe wachanga, na shule yao ikaitwa boma la mitamba. Ndiyo maana Kenya High inaitwa Boma mpaka leo. Watoto wa wakulima, unategemea nini.

Wakulima wenyewe walikuwa wa wapi? Wengi walikuwa wa hapa kwetu. Nakuru ilikuwa mji mkuu wa setla bila kupewa cheti. Njoro, Molo, Elburgon, Gilgil, Naivasha, ardhi yote nzuri ya bonde hili ilikuwa imefungwa kisheria iwe ya wazungu peke yao. Nakuru mjini kulikuwa na shule ya serikali ya watoto wa Kizungu. Pembroke House ilianza Gilgil mwaka 1927. St Andrew's ilianza Turi, karibu na Molo, mwaka 1931, ikaungua 1944, ikajengwa tena na mateka wa vita wa Kiitaliano. Bado ziko, na ukiona karo yake unazima simu. Mtoto wa setla alisomea huku akiwa mdogo, akikua anapanda treni kwenda bweni Nairobi.

Sasa hapa ndipo mambo yananoga, kwa sababu nataka tuingie ndani ya hilo jengo.

Setla wa miaka hiyo waliliogopa jua la ikweta kama ugonjwa. Siongezi chumvi. Waliamini miale ya jua la huku inaharibu akili na mishipa ya mzungu, hasa mtoto. Walivaa kofia nene, zingine mbili kwa mpigo moja juu ya nyingine, na kuna waliovaa kitambaa kizito mgongoni kukinga uti wa mgongo. Hii ni nchi ambayo Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari! Baridi ya Julai hapa unaijua. Lakini wao walikuwa wanaogopa jua.

Kwa hivyo ukichora shule ya watoto wao, unachora kivuli kwanza. Hiyo shule imejaa matao na varanda za nguzo. Majengo yamepangwa kuzunguka ua, na njia zenye paa zinaunganisha sehemu moja na nyingine, ili mtoto atembee bila jua kumchoma na bila mvua kumgusa. Kuta ni nene. Dari iko juu sana, hewa moto inapanda na kukuacha chini ukiwa poa. Vigae juu, kwa hivyo mvua ikinyesha unasikia mwalimu. Ukisimama hapo saa saba mchana mwezi wa Februari utaelewa bila kuelezwa.

Ile sayansi ya uti wa mgongo ilikuwa upuzi. Kivuli kilifanya kazi vilevile.

Na hakuna hata kitu kimoja kati ya hivyo ambacho ni siri ya wazungu. Nenda Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa. Kuta nene, ua katikati, baraza mbele ya nyumba, madirisha yanayoruhusu hewa na kuzuia jua, watu wa Pwani walikuwa wanajenga hivyo karne nyingi kabla Baker hajazaliwa. Baker mwenyewe aliokota mawazo kwa nyumba za Cape, za Italia na za India, akayachanganya. Alikuwa na macho mazuri, simnyimi. Lakini yule anayesema "wazungu walijua kujenga" anampa mtu mmoja sifa za bahari nzima ya Hindi na ile ya Mediterania.

Swali ambalo halionekani kwa zile komenti ni lingine: kivuli kililipiwa na nani, na kilikuwa cha nani.

Tuanze na malipo. Chini ya Grigg koloni lilikopa sana London, kwa reli, kwa bandari, kwa majengo. Mkopo wa koloni hulipwa na koloni. Mwafrika alikuwa analipa kodi ya nyumba na ya kichwa. Ilipandishwa mpaka shilingi 16 mwanzoni mwa miaka ya 1920, Harry Thuku akapinga hiyo kodi pamoja na kipande na kazi ya kulazimishwa, akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Baadaye ikateremshwa hadi 12. Kwa kibarua wa shamba hiyo ilikuwa kama mshahara wa mwezi mzima. Setla naye? Kodi ya mapato ilijaribiwa mwaka 1920 na kidogo, walowezi wakapiga kelele, ikafutwa 1922. Haikurudi mpaka 1937. Walilipa kodi nyingine, ikiwemo ya kichwa, lakini ile inayofuata kipato chako, zile shule na nyumba za gavana zikijengwa, hawakuwa wanalipa hata senti. Fikiria hiyo kidogo halafu uniambie tena kuhusu ubora wa vigae.

Cha nani? Hilo jibu limechorwa kwa ramani ya mji wetu. Simama stesheni ya Nakuru uangalie juu. Milimani, kwenye mteremko wa Menengai, hewa safi na ziwa unaliona lote: wazungu. Katikati kwa maduka: Wahindi. Bondeni na Kivumbini, chini: Waafrika, wenye kipande mfukoni. Shule pia zilifuata hivyo, tatu tofauti kwa rangi tatu, na pesa za serikali zilipungua kadri ngozi ilivyozidi kuwa nyeusi. Jina la Nakuru lenyewe linatoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Vumbi pia lilikuwa na mtaa wake.

Na mahali hayo mambo yalifika kilele ni Njoro, kwa lile jumba mnaloenda kupiga picha za harusi. Lord Egerton alianza kulijenga 1938 akamaliza 1954. Vyumba zaidi ya 50, kwa mtu mmoja ambaye hakuoa! Waongozaji pale watakupa stori ya mwanamke aliyekataa nyumba yake ya kwanza kwa dharau, na watu hucheka na kuhurumia. Mimi huwa nahesabu miaka. Miaka ya 1952 mpaka 1954, vyumba vikikamilishwa Njoro, familia nzima nzima za Wakikuyu zilikuwa zinapakiwa kwa malori kutoka mashamba ya hapa hapa Bonde la Ufa kurudishwa Kati. Kwa haki, mtu huyo pia alianzisha shule ya kilimo mwaka 1939, iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987. Lakini mwanzo ilikuwa ya kufundisha vijana wa Kizungu. Mlango ulifunguliwa kwa wote uhuru ukiwa umebisha.

Sasa wale waliokuwa wanapakiwa kwa malori, watoto wao walisomea wapi?

Hapa ndipo nataka mtulie. Maskwota walikuwa watu walioruhusiwa kuishi na kulima kipande cha shamba la setla kwa kumfanyia kazi. Mwanahistoria Tabitha Kanogo ameandika kitabu kizima juu yao, kitafuteni. Setla wengi hawakutaka shule kwa shamba. Mtoto anayesoma ni mkono uliopotea wakati wa kuchuma pareto. Kwa hivyo maskwota walijijengea. Kuanzia miaka ya 1930, Wakikuyu walipokosana na wamisheni, kulikuwa na vyama vya shule huru, na shule hizo zilifuata watu mpaka kwa mashamba ya Nakuru. Ukuta wa udongo, paa la nyasi, benchi ni gogo. Wazazi wanachanga senti kulipa mwalimu. Olenguruone, kule juu upande wa Mau, watu waliopewa makazi kuanzia 1941 na kisha kuambiwa walime kwa masharti ya serikali walikataa, na katikati ya huo ugomvi wote walikuwa na shule yao. Wakafukuzwa wote mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950.

Shule kubwa kuliko zote za aina hiyo ilikuwa Githunguri, Kiambu. Ilifunguliwa 1939 kama chuo cha kufundisha walimu wa shule huru, Mbiyu Koinange akiwa ametoka kusoma Marekani. Hakukuwa na mfuko wa Rhodes. Hakukuwa na mkopo wa London. Watu walichanga kwa rika, rika moja likishindana na lingine kuona nani analeta zaidi. Jomo Kenyatta alikuja kuiongoza baada ya kurudi kutoka Uingereza 1946. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule huru zilifungwa kwa mamia, na Githunguri pia. Kisha serikali ikapageuza hapo mahali pa kufungia watu na kuwanyonga.

Rudia hiyo sentensi polepole. Serikali iliyoleta msanifu majengo kutoka London kuhakikisha mtoto mmoja hapigwi na jua, ilichukua shule iliyojengwa kwa michango ya wazazi ikaweka kitanzi.

Kwa hivyo mtu akiniambia wazungu walijua kujenga, namuuliza walijengea wangapi. Ni rahisi kumpa mtoto varanda ya matao kama umeamua kwamba watoto wanaohesabika ni wachache. Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, wanafunzi waliruka kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Mpe Baker hiyo kazi tuone. Mwaka 2024 tena serikali ilikimbizana kujenga madarasa ya Gredi ya 9 kabla ya Januari 2025 ifike. Hilo si swali ambalo Grigg aliwahi kujiuliza kwa watoto wa Bondeni.

Lakini sitaki tujifiche nyuma ya hesabu, na hapa najua wengine mtanikasirikia. Watoto wengi si sababu ya kujenga vibaya. Septemba 2019 darasa lilianguka shule ya Precious Talent, Dagoretti, ghorofa ya mbao na mabati, na watoto wasiopungua 7 wakafa wakiwa wamekuja kusoma tu. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni Hillside Endarasha, Nyeri. Hao hawakuuawa na mkoloni. Ni sisi tuliojenga, ni sisi tuliokagua, au hatukukagua.

Na hata pale ambapo hakuna aliyekufa, angalia lile darasa la kawaida tunalojenga sasa. Sanduku. Kuta nne, mabati, madirisha madogo, mlango mmoja. Hakuna varanda, au kuna ile ya futi tatu ambayo mvua inaingia mpaka ndani. Shule niliyosoma mimi ya msingi hapa Nakuru, ambayo sitaitaja, mvua ikinyesha mwalimu alikuwa anaandika tu ubaoni na kukaa, hakuna maana ya kuongea. Mchana wa Februari tulikuwa tunasinzia darasa zima, na tukachapwa kwa kusinzia. Miaka mingi nilidhani ni uvivu. Ilikuwa ni joto la mabati bila dari. Kitu ambacho mtu alikuwa ameshakifikiria na kukichora kabla ya 1930, kwa ajili ya watoto wengine.

Varanda pana haihitaji mzungu. Dari haihitaji mkopo wa London. Kuweka dirisha pande zote mbili ili hewa ipite, kupanda miti upande wa magharibi, kulielekeza darasa jua lisiingie moja kwa moja, fundi yeyote wa Kaptembwo anaweza kukufanyia akipewa ramani inayosema hivyo. Tatizo ni kwamba ramani huwa haisemi, na wanaoipitisha wana watoto wao kwa shule zenye varanda. Baadhi yao wako Turi na Gilgil, katika zile zile.

Tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta alikuja hapa Nakuru, akasimama ukumbi wa mji mbele ya mamia ya setla, akawaambia wasiogope, wabaki walime, yaliyopita yasahaulike. Watu hubishana mpaka leo kama alifanya vizuri. Mimi nikipita pale huwa nawaza kitu kidogo tu. Majengo yote yalibaki pia. Nyumba ya gavana ikawa Ikulu, Prince of Wales ikawa Nairobi School, mahakama ikawa mahakama. Tulibadilisha majina kwa milango, na zile za udongo hakuna aliyezikumbuka kwa sababu zilikuwa zimeshachomwa, zimebomolewa, au zimeoza na mvua. Ndiyo maana ukitafuta picha ya shule ya zamani Kenya unapata matao. Hizo nyingine hazikuacha ukuta wa kupigwa picha.

Kwa hivyo nina kazi ninaianza, na nahitaji msaada wenu. Jumamosi hii natoka Nakuru kwenda Njoro, Elburgon, Molo, na kama barabara itakubali nifike Olenguruone. Natafuta mahali shule za maskwota zilikuwa. Kama nyanya yako au guka wako alisomea huko, kwa shamba la mzungu fulani, na anakumbuka ilisimama upande gani wa mto, nani alikata nyasi za paa, nani alipima msingi na alitumia nini kupima, kamba au hatua, niandikie kabla ya Ijumaa usiku. Nitakuja na simu na mkate.